Miaka ya Kobe wa Bibi

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, watu wa Kwaluguru walibeba milango, mitungi na kuku. Bibi yangu, mama yake mama, alibeba kobe. Alimpakata kwenye trekta njia nzima, na ole wake aliyethubutu kucheka.

Kobe yule alikuwa na tundu pembeni ya gamba. Baba yake bibi alilitoboa kwa waya wa moto siku bibi alipozaliwa, apate kumfunga kamba asitoroke. Kwao kila mtoto alitengewa mnyama wake. Wadogo zake walipewa mbuzi, na mbuzi wale walishaliwa zamani, ilhali kobe bado alikuwa akitafuna majani ya maboga. Ameishi miaka mingapi? Swali hilo lilinikera tangu utotoni.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima, na kwa kuwa nilijua kuandika, ofisi ya kijiji ikanikabidhi daftari la wakazi. Lilikuwa na safu ya umri. Aliyetimiza sitini alisamehewa kulima shamba la kijiji; ambaye hajatimiza, jembe linamhusu. Mgongo wa bibi ulikuwa umechoka. Aliihitaji sitini ile kuliko mtu yeyote.

"Mimi mtu mzima, mke mwenzangu," akaniambia. Ndivyo alivyonitania siku zote. "Vita vya Mjerumani nimebeba mzigo wa mama kichwani. Andika."

"Bibi, hapa panatakiwa tarakimu."

Nikakumbuka jambo nililosikia shuleni, kwamba gamba la kobe lina mistari ya duara, kila mstari mwaka mmoja. Lahaula, nilivyofurahi! Nikamweka kobe juani, nikamsugua kwa maji, nikahesabu kwa ncha ya kijiti. Hamsini na mmoja. Nikarudia, hamsini na mmoja. Alipotobolewa alikuwa ameshakua, kwa hiyo bibi lazima awe mdogo kwake. Nikampendelea, nikamwandikia yote hamsini na moja.

Mwenyekiti alilitazama daftari, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, bibi huyu hamsini na moja?"

"Nimehesabu mwenyewe, mzee."

Basi bibi akalima. Asubuhi chuma kikigongwa anatoka na jembe, hanung'uniki, hanisemeshi. Wiki ya tatu mkono wake wa kulia haukufika tena kichwani, ikawa mimi ndiye ninayemfunga kilemba.

Ndipo akaja bwana mifugo kukagua ng'ombe. Nikamwonyesha kobe wetu, kwa majivuno kabisa. Akapitisha kidole kwenye gamba, akacheka hadi akakohoa.

"Binti, mistari hii inafutika! Miaka yote hiyo anapita kwenye miiba na mawe, unadhani hasuguliki? Na akizeeka inasongamana, huioni. Huyu anaweza kuwa na mia, anaweza kuwa amezidi. Wewe umehesabu iliyobaki."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakimbia kwa mwenyekiti. Daftari lilishapelekwa wilayani. Akasema tusubiri lirudi. Shamba halisubiri. Nikachukua jembe la bibi, nikalima kipande chake na changu.

Siku moja akaniletea maji kule shambani. Akanishika kiganja, akayapapasa malengelenge.

"Pole, mke mwenzangu. Hivi una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, bibi."

"Nani kakwambia?"

Mama alifariki nikiwa mchanga. Siku ya kuniandikisha shule, bibi ndiye aliyesimama mbele ya mwalimu akautaja mwaka niliozaliwa, na mwalimu akauandika. Sikuwahi kuutilia shaka hata siku moja.

"Wewe," nikasema.

"Haya," akasema. "Kunywa maji."