Siku Tatu Mama Asipike

Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ndiyo iliyokuwa saa yetu ya kuamkia pale Nansio, kisiwani Ukerewe. Kabla jogoo wa jirani hajawika mara ya pili, mama alikuwa ameshainama jikoni, na harufu ile ilipita chini ya mlango, ikaingia hadi ndani ya chandarua na kututoa kitandani mimi na kaka yangu Hamisi bila mtu kutuita. Ilikaa kwenye vidole vyake hata siku ya Idi, manukato juu, kitunguu chini. Sikuwahi kujiuliza kama yeye mwenyewe aliipenda. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na kwa mtoto wa umri huo mama ni sehemu ya jiko kama yalivyo mafiga.

Baba, fundi cherehani asiyependa makuu, ndiye aliyeleta habari mwezi wa Desemba kwamba tungekwenda Mwanza siku tatu, tukacheze kwenye bustani ya michezo ya watoto kando ya ziwa. Ilisemekana huko kuna bembea za minyororo zinazozunguka, treni ndogo, na mtelezo wa maji unaomtupa mtu bwawani akipiga mayowe. Sisi tukarukaruka. Mama hakuuliza habari za mtelezo. Aliuliza, "Tutakula wapi?" Baba akasema kwa dada yake Mwajuma, Nyegezi, kwani wapi tena? Mama akaweka mwiko chini. Akasema kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka kwamba akifika kwa wifi yake ataingia jikoni, maana mke wa kaka hakai sebuleni amenyoosha miguu wakati wifi anamenya ndizi, na yeye alitaka siku tatu tu katika maisha yake asipike. Tulale gesti, tule hotelini, turudi. Baba alikuna kichwa. Kwetu, kula hotelini katika mji anaoishi dada yako wa damu, tena mkubwa, ni tusi, na kulala gesti ni kumwambia amekufa. Lakini mama hakuwa mtu wa kuombaomba vitu. Baba akakubali, kwa sharti kwamba Shangazi Mwajuma asijue kamwe.

Kwa wiki mbili mama alipanga milo kwenye kurasa za mwisho za daftari langu la hesabu. Kila aliyetoka Mwanza alihojiwa: chapati laini ziko wapi, hoteli gani bomba lake la kunawia linatoa maji, wapi mhudumu anakuja bila kupigiwa makofi. Akachora jedwali lenye siku, mlo, hoteli na majina yetu. Mimi na Hamisi chipsi kuku, baba pilau, asubuhi ya pili supu ya mbuzi. Hamisi alitaka chipsi hata asubuhi, akakataliwa, akatangaza kwamba hatakula tena kitu chochote, na akashikilia msimamo huo hadi ugali ulipoiva. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa samaki. Mama alisikia kuna hoteli humo humo bustanini wanakaanga sato mzima, akamwandika. Baba alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mtu atoke Ukerewe, avuke ziwa lote hili, akale samaki Mwanza? Watu watatuonaje?" Mama akafuta. Mimi nikasoma jedwali lile mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma hesabu, na nikaona kwamba penye jina lake, mlo hadi mlo, ameandika neno moja tu: nitaona.

Mipango si matumizi. Kwenye kivuko tulikutana na Mzee Rajabu, anayeswali na baba msikiti mmoja. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamuuliza baba kile anachoulizwa kila msafiri: mnafikia wapi? Baba ni mtu mkweli, na watu wakweli hudanganya vibaya. Aibu ya gesti ikamkaba, akajibu, "Kwa dada, Nyegezi." Mzee Rajabu akafurahi kupita kiasi, maana alimfahamu shangazi miaka mingi na namba yake alikuwa nayo. Akatoa simu palepale, akampasha habari kwa sauti ya kusikika kivuko kizima kwamba wageni wake wako majini, asije akachelewa kuwapokea. Baba akatazama maji. Mama akamtazama baba. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwetu haikufika hata katikati ya ziwa.

Shangazi Mwajuma alikuwa amesimama bandarini, mpana, anang'aa kwa furaha, amefungua mikono. "Kumbe mlitaka kunishtukiza!" alisema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Kufikia magharibi mama alikuwa jikoni Nyegezi, amejifunga kanga ya kuazima, anakatakata vitunguu. Siku ya pili tulikwenda bustanini, lakini tulikwenda na shangazi, hotipoti mbili, mkeka na ndoo ya juisi ya ukwaju. Mlinzi getini akasema chakula cha nje hakiruhusiwi. "Cha nje ni hicho chenu," shangazi akamjibu, "hiki kimetoka nyumbani." Mlinzi alikataa katakata, shangazi naye akatandika mkeka palepale ukutani, tukala pilau mbele ya kila aliyeingia na kutoka. Mlinzi mwenyewe alikula sahani mbili. Tulipoingia tulikuwa tumeshiba kiasi kwamba Hamisi alitapika kwenye bembea ya pili, na shangazi akailaumu bembea. Jioni tulipita mbele ya ile hoteli ya bustanini. Mama alipunguza mwendo, akatazama meza moja iliyokuwa tupu, kisha akatufuata.

Siku ya tatu kivuko chetu kilikuwa kiondoke saa nane mchana. Asubuhi nilimkuta mama anakaanga maandazi ya safari huku shangazi akimsifia mkono wake mwepesi. Sijui kilichonipata. Nilisema, hata baba aliyekuwa uani akasikia, "Shangazi, mama alikuja Mwanza ili asipike." Mama akanipiga jicho la tutaonana nyumbani, lakini mtoto akishaanza kusema ukweli hana breki. Nikamwaga yote: gesti, daftari, hoteli.

"Kweli, wifi?" shangazi akauliza.

Mama hakuinua kichwa. "Nilitaka kukaa tu, wifi. Siku tatu tu."

Shangazi akainuka. Kisha akamnyang'anya mama kijiko, akaipua karai la mafuta, akasema, "Vaeni." Njia nzima alimsomea baba risala ya gesti, na baba aliipokea kwa kichwa kilichoinama. Lakini safari ile hakukuwa na hotipoti.

Tulikaa kwenye hoteli ile ya bustanini, ziwa likiwa mbele yetu. Mhudumu, dada mrefu mwenye haraka, akatoa kalamu. Mama akaagiza bila kupumua: watoto chipsi kuku, baba yao pilau, wifi yangu ndizi nyama. "Na wewe, mama?" Mama akachukua karatasi ya vyakula. Akaisoma juu hadi chini, akarudia. Mtu aliyepanga milo ya watu wote kwa wiki mbili hakujua yeye mwenyewe anapenda nini. Baba akatazama saa, akakohoa, na shangazi akamkanyaga chini ya meza. "Subiri, mwanangu," akamwambia mhudumu. "Wifi yangu hana haraka."

"Sato," mama akasema hatimaye. "Mzima. Msimkate."

Nilitegemea baba acheke. Hakucheka. Nyumbani kichwa kilikuwa cha baba, minofu ya katikati ilikuwa yetu, na mama, kwenye kisiwa kilichojaa samaki, alikuwa anakula mkia. Alimla yule sato taratibu, akamaliza upande mmoja, akamgeuza. Hamisi aliponyoosha mkono, shangazi aliuchapa. Kivuko kilituacha, na hakuna aliyelalamika.

Siku hizi naishi Buhongwa, humo humo Mwanza, na Hamisi ana mke na watoto wawili Nansio. Mwezi uliopita nilikuta kwenye simu picha alizoweka mke wake muda uleule: watoto wanakunywa juisi, mahali ninapopajua, si mbali na kwangu. Walikuwa Mwanza na hawakuniambia. Enzi zetu tulijificha, na hofu ile ilikuwa heshima ya aina yake. Siku hizi watu wanajitangaza, na ndugu ndiye anayepata habari pamoja na watu baki. Damu ikanichemka. Nina wali wa watu wanane jikoni na nakula peke yangu! Nikampigia wifi yangu nimpe vidonge vyake. Alipokea akicheka, sahani zikigongana nyuma yake, na aliposikia ni mimi, kicheko kikakatika.

"Wifi," akasema, akihangaika kutafuta uongo, "tulikuwa tunapanga kukupitia..."

Nikamkumbuka mama akiitazama ile meza tupu. Nikamuuliza amekaa kivulini au juani. Kivulini, akasema. Nikamuuliza ameagiza nini.

"Watoto wameshakula, wifi."

"Sijauliza watoto," nikamwambia. "Mwite mhudumu."