Kata ya Chemchemi ya Pugu

Tanuri la mkaa likikaribia kuiva, moshi wake hubadilika. Mwanzo ni mweupe, mzito, unakaba koo. Mwisho unakuwa mwembamba wa buluu, na harufu yake kama inataka kuwa tamu. Mie nimekulia ndani ya harufu hiyo, kwenye miteremko ya Pugu, miaka ya Ujamaa, Baba akichoma mkaa wa kupeleka mjini. Shule niliiacha mapema, nayo ina habari yake, tuiache. Bondeni palikuwa na chemchemi, juu yake mkwaju mkubwa. Ukwaju wake tulitia kwenye uji wa Ramadhani, na uji ule, jamani! Kwenye tawi la chini ilining'inia kata ya kifuu cha nazi. Kila mtu alichotea, akairudisha. Bibi, mama yake Baba, hakuwa na mchezo kwa hilo: kata hailali nyumbani kwa mtu. Hata wageni waliohamia kutoka kusini walifundishwa hivyo kabla hawajatua mizigo.

Miti ya karibu ikaisha, Baba akaanza kuutazama mkwaju. Bibi akamwona.

"Selemani, huo hapana."

"Mama, huu ndio unaotunywea maji! Ona mizizi ilivyojitumbukiza. Nikiukata mtachota mpaka mchoke."

"Umewahi kuuona umelewa?"

Tulicheka sote, Baba naye. Lakini Bibi alipokwenda mazikoni Mwananyamala, shoka likalia bondeni.

Sasa sikilizeni ajabu yake: maji yaliongezeka! Wallahi yalipanda. Baba akawa anatembea kama bwana harusi. "Mama, njoo na ndoo mbili!" Bibi alichomeka kijiti, akatundika kata yake. Kisha kiangazi kikaingia, jua likapiga mahali ambapo halikuwahi kufika tangu nizaliwe. Asubuhi moja nilifuatana na Bibi kuchota, kata ikakwangua changarawe. Sauti ile! Nilidhani tumepotea njia. Vyura walikuwa kwenye tope, wanatukodolea macho. Bibi akakwangua tena, halafu akafanya jambo lililoniondoa roho: akaishika kata, akapanda nayo nyumbani.

Baba alikuwa anafukua mkaa. Alipoiona kata mkononi mwa mama yake, koleo lilimdondoka.

"Mama, irudishe."

"Wapi?"

Baba akaokota koleo, akaendelea kufukua. Mkaa wa mkwaju ule uliwaka vizuri, watu wa mjini waliusifu. Sie tukahama.

Leo niko Temeke. Nina mtungi wa gesi, na umeme wenyewe naambiwa unatoka kwenye gesi kule Kinyerezi. Lakini jikoni kwa jirani bado ni mkaa, na mie maharage siyapikii gesi, nisiwadanganye. Juzi alikuja binti mtafiti kupima joto la nyumba zetu za mabati. Shikamoo zake nyingi, mtoto ana adabu. Akaniuliza utotoni joto lilikuwaje, nikamwambia tulikuwa tunajifunika alfajiri, akanitazama kama namwongopea. Kisha akatafuta pa kutundika kipimajoto, akauona msumari wangu ukutani, wenye ile kata ya Bibi.

"Bibi, naomba niishushe kata hii, mara moja tu."

Nilishtuka mpaka nikasimama, na magoti yangu haya.

"Ishushe, mwanangu, kama unajua pa kuirudisha."

Akaurudisha mkono. Kipimajoto akakitundika mlangoni.