Nepi za mheshimiwa

Kampeni iliyopita ilimrudisha mheshimiwa wetu mtaani kwetu Majengo. Amezeeka, lakini juu ya vitenge anavyowagawia wamama uso wake bado unatabasamu, na ahadi ni ile ile ya maji. Nilicheka peke yangu. Uso huo niliujua tangu utotoni, ukiwa umelowa.

Mchana mmoja, nikiwa mdogo, mama alikuwa na tumbo kubwa, na nyumba ilinuka makaa na mafuta ya cherehani. Alikuwa akikata kitenge cha kampeni na kushona nepi za mtoto aliyekuwa njiani, ndani akitia vipande vya mashati makuukuu ya papa, baba yangu. Kila nepi aliipima kwa makini, ili uso wa mheshimiwa ukae chini kabisa, matakoni.

Mimi nilidhani ni baraka. Nilifikiri mtoto anavalishwa hivyo ili naye aje kuwa mukubwa. Kitu kimoja tu kilinitia hofu.

"Mama, mutoto akimukojolea, hatakasirika?"

"Akasirikie wapi? Tangu tumupigie kura, hajakanyaga huku." Mama akakata uzi kwa meno. "Alisema ataleta maji. Na hizi nepi nitazifua na ya ziwa, ya kuchota na bidon."

Miaka mingi baadaye, katika kampeni hii iliyopita, msichana wa kampeni alininyooshea mimi kitenge. "Kamata, mama, ni ya bure."

Nilikipapasa kama mama alivyozoea. Chepesi, cha nailoni, hakinyonyi kitu. Mheshimiwa hafai tena hata kwa mavi.