Bi Aisha Nyuma ya Zawadi

Nimekosa, jamani, na sina pa kujificha. Charo alipigwa kwa kosa langu, na ngumi ya kwanza ilikuwa yangu mimi!

Nachapa kazi za watu kwa kompyuta hapa Mishomoroni. Mifereji ilipokauka, tukaahidiwa lori la maji ya bure. Watu wajiandikishe kwa simu, kisha waitwe kwa majina. Wengi waliandika kwa herufi hizi zetu. Wazee wakaandika kwa herufi za Kiarabu, ndizo walizosomea madrasa.

Majina nikaletewa mimi, nikabonyeza kompyuta iyapange. Ikayapanga A hadi Z, kisha yale ya Kiarabu yote ikayatupa mwisho, hata Bi Aisha, bibi mzee wa jirani, akawa nyuma ya Zawadi. Niliona, wallahi niliona! Kuyachanganya kulitaka kazi ya jioni nzima. Nikasema aah, maji ni mengi, watapata.

Hayakuwa mengi.

Charo, rafiki yangu tangu utotoni, ndiye aliyepewa kipaza sauti aite majina. Lori likakauka kwenye Z. Bi Aisha, aliyekaa juani tangu asubuhi na mtungi wake, akasimama.

"Charo mwanangu, kwani sisi si watu?"

"Niwie radhi bibi, mimi nasoma tu," Charo akajibu. "Hebu ngojeni nimwite aliyeyapanga haya majina, yuko hapa..."

Nilikuwa nyuma yake. Kabla hajanitaja nikamtandika ngumi ya sikio, nikapiga kelele, "Ameuza maji huyu!"

Ya Rabi! Mitungi ikaruka. Wakamwangusha, wakamkanyaga, mateke ya mbavu, mawe, damu ikachanganyika na tope. Nilipoona kanyamaza kimya ndipo nikamlalia, nikiwaomba basi. Nikamkimbiza hospitali mimi mwenyewe, mnafiki mkubwa!

Lile sikio la Charo sasa halisikii kitu. Bi Aisha mpaka leo haitikii salamu yake, akidhani kweli aliuza maji. Na Charo, maskini, hakumwona aliyempiga. Kila mgeni ajaye, yeye humwambia, "Huyu ndugu yangu ndiye aliyeniokoa." Mamake hunimiminia chai, hunishukuru hadi machozi yamtoke. Nami huinywa.

Nimejaribu kumwambia. Hukaa upande wa lile sikio bovu, nikayasema yote, polepole. Yeye hugeuka akicheka, "Ati wasemaje?"

"Nasema chai tamu."

Nyinyi mnaopanga majina ya watu kwa mashine, tazameni imemtupa nani nyuma, msiseme watapata. Na mkikosa semeni mapema, tena semeni upande unaosikia.