Mgema Asiyeitwa Mezani

Ipo Jumapili moja ya Mitende, mwanangu Atupele, ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Siku hizi hapa Uyole nikikaa barazani na blanketi langu magotini, jua la saa nne likinipiga usoni, nasinzia kidogo tu, na hiyo hapo inarudi. Ukungu wa kwetu Iringa umelala juu ya mashamba, haujaamua pa kwenda. Kengele ya kanisa inalia ndani yake, mbali, halafu karibu, halafu mbali tena. Nami nimesimama mlangoni na gauni jeupe, naogopa kukaa nisije nikalichafua. Ukinikuta nimefumba macho natabasamu, usiwaambie wenzako "mama kazeeka." Najua mnavyosema. Nimeenda kwetu mara moja, nitarudi.

Jana ulikuja kunionyesha kitambaa cha sare ulichonunua Mwanjelwa kwa ajili ya kipaimara cha binti yako Neema. Kizuri, sikatai, ingawa hiyo rangi mimi itanifanya nionekane kama ndizi mbivu. Ukanieleza ukumbi umepatikana, mshereheshaji ameshakubali, keki itakuwa ya ghorofa. Nikakwambia hongera. Halafu ulipofika getini ukageuka, ukasema kama mtu aliyekumbuka kufunga bomba, "Gwakisa nitampeleka Igawa kwa shangazi yake wiki hiyo, mama. Tangu afeli kidato cha nne watu hawaishi maswali. Ni bora asionekane."

Sikukujibu. Ulidhani masikio yangu yameshachoka. Weee! Nilisikia vizuri kabisa, ila mimi si mtu wa kujibu kwa haraka. Basi leo nakujibu. Kaa hapo, chai ipo kwenye chupa.

Nyumbani kwetu tulikuwa tunafuatana, mimi na kaka yangu Elia, huyu mjomba wako. Tuliandikishwa pamoja darasa la kipaimara. Lilikuwa Jumamosi asubuhi, mwinjilisti akitufundisha amri, imani na Sala ya Bwana, kila kitu na maana yake, mpaka ulimi unazoea wenyewe. Na Jumamosi hizohizo mianzi ya baba nayo ilikuwa inatoa.

Wewe umezaliwa Mbeya hii, ulanzi unauona kwenye madumu tu barabarani. Kwetu mvua zikikolea, mtu anakwenda kwenye mianzi michanga, anaikata ncha, anaitegeshea chombo, na maji yake yanadondoka humo. Asubuhi unakinga, jioni unakinga. Kila ukienda lazima uikate upya kidogo, ukiiacha inajifunga, haikupi tena. Ulanzi wa siku hiyohiyo ni mtamu, tunauita mtogwa, hata mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mkali, na huo una wenyewe. Baba alikuwa na vichaka vyake bondeni, na mgema wake alikuwa Elia. "Mwanzi haumsubiri mtu," alikuwa anasema, na kweli haumsubiri.

Basi Jumamosi ikifika, mimi huyo kanisani na kitabu kwapani, Elia huyo bondeni na kisu mkononi. Tunaachana pale njia panda. Yeye ananitania, "Nisalimie Musa, mwambie amri zake nitazisoma mvua zikiisha." Tunacheka. Hakuna aliyeona ubaya. Nyumba ilikuwa imepangwa hivyo, na mtoto hapangui mipango ya nyumba.

Kabla ya kipaimara kulikuwa na mtihani, na si wa kuandika. Mnasimamishwa mbele ya usharika mzima, unaulizwa kwa sauti, unajibu kwa sauti. Mimi niliulizwa amri ya nne, nikaimwaga yote bila kupumua, nikasikia mama anaguna kwa furaha kule kwenye benchi. Ikafika zamu ya Elia. Mwinjilisti akamuuliza, "Utupe leo riziki yetu. Maana yake nini?"

Elia alitazama mikono yake. Nakuambia, mwanangu, mpaka leo naiona ile mikono, ina makovu ya kisu na nyufa za baridi. Aliitazama kama jibu limeandikwa pale. Mwinjilisti alirudia swali kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na Elia akanyamaza tena. Ikaamuliwa asubiri mwaka mwingine.

Njiani kurudi nyumbani baba alisema mara moja tu, "Umenitia aibu." Kisha akapanga. Sherehe ingekuwepo, maana baba mkubwa alikuwa anakuja kutoka Mbeya na watu walikwishaalikwa. Ila ingekuwa yangu peke yangu. Elia siku hiyo ashinde bondeni, wageni wasije wakamuulizauliza. Unasikia, Atupele? Maneno ni yaleyale, sijaongeza chumvi.

Mama alijaribu kumtetea. Akamwambia baba, "Lakini huyu mtoto darasani tulimwacha aende lini? Na huo ulanzi anaotuletea, umewahi hata kumwambia ahsante?" Baba akamjibu kwa methali, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Alikuwa anaipenda sana ile methali. Methali ni kitu kizuri, mwanangu, mimi mwenyewe nazipenda, lakini kuna watu wanaingia ndani ya methali kama ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Ndiyo ikafika asubuhi ile ya ukungu. Nimesimama mlangoni na gauni langu, Elia akapita na kisu chake na mfuko begani. Mfuko haukuwa wa kugemea. Nikamuuliza unakwenda wapi na nguo zako. Akanishika shavu, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasema, "Mama nimemwahidi ulanzi wa jioni. Nikishaukinga namwachia pale bondeni, mimi nashuka barabara kuu. Lori lolote la Mbeya litanichukua. Hapa pana mtoto mmoja sasa, na ni wewe." Akaingia kwenye ukungu. Mimi nikaitwa, kengele inalia, twende kanisani.

Sikumbuki vizuri ibada. Nakumbuka mkono wa mchungaji ukiwa mzito kichwani kwangu, nakumbuka matawi yananukia mvua. Kila kitu kilikuwa mbali, kama naangalia kipaimara cha mtoto mwingine. Niliomba, ndiyo, lakini sikuomba ya kwangu. Niliomba malori yaharibike yote.

Mchana uani kwetu palijaa watu. Wali, kuku, vigelegele, akina mama wanacheza huku wamebeba zawadi kichwani. Mchungaji akala, akanywa chai yake, akaaga. Watu walimsindikiza kwa heshima zote mpaka njiani, wakarudi mbio mbio maana sasa ndiyo ulikuwa wakati wa ulanzi. Jamani, Walutheri wa kwetu! Ulikuwa mtogwa tu, uliokingwa asubuhi ile, lakini hata huo waliona bora mchungaji awe ameshavuka mto.

Sasa kwetu ulanzi wa sherehe haunywi mtu kabla mkubwa wa nyumba hajauonja na kuwatamkia watoto neno la heri. Mkubwa huyo alikuwa bibi yetu, mama yake baba. Alikuwa mdogo wa mwili, macho yake hayaoni tena vizuri, anakaa kwenye mkeka kaegemea ukuta. Wakampa kikombe cha mwanzi. Bibi akakisogeza puani, akanusa, akakishusha.

"Nani amegema huu?"

Watu wakacheka, wakidhani anausifia. Baba akasema, "Ni wa bondeni kwetu, mama."

"Sijauliza bonde. Nimeuliza mtu."

"Ni Elia."

"Yuko wapi nimshukuru?"

"Yuko kazini, mama. We kunywa tu, wageni wana kiu."

Bibi akakiweka kikombe chini kwenye mkeka, taratibu, asimwage. "Mwanangu," akamwambia baba, "umeniambia mara nyingi kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Haya, mimi ni mzee, nifundishe. Na asipoitwa mezani, hutia nini?"

Baba mkubwa akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Huyu amepata kusoma kwa sababu yule amegema," bibi akasema. "Leo huyu mmemvika nyeupe, yule mmemficha kama chungu kilichovunjika. Mimi sijui kubariki nusu ya wajukuu. Midomo yangu imefunga." Na kweli akaifunga, akageukia ukuta.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa, mwanangu. Watu na vikombe vyao mikononi, hakuna wa kunywa. Na katika watu wote wale ni mimi tu niliyeujua ule mfuko. Na jioni ilikuwa inakuja. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inapiga kelele, "Baba, kimbia! Elia anaondoka!"

Baba yangu alikuwa mtu wa heshima zake, mtu wa koti na kofia. Sikuwahi kumwona akikimbia, wala sikumwona akikimbia tena baada ya siku ile. Lakini siku ile alikimbia. Koti liliangukia pale mlangoni, akashuka mteremko na viatu vyake vya kanisani, ukungu ukammeza.

Tulingoja. Sijui ni kwa muda gani, maana katika ndoto zangu kungoja kule hakuishi. Wengine walianza kula tena, kidogo kidogo, kama watu msibani. Mama alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Ukungu unasogea, kichaka kinaonekana kama mtu, halafu kinakuwa kichaka. Mara mbuzi akatokea, mama akashtuka, ni mbuzi tu.

Halafu akatokea Elia. Peke yake, kalowa, mfuko begani. Mama hakumuuliza kitu, aliuchukua ule mfuko tu akauingiza ndani. Elia akasimama mbele ya watu, hajui pa kuweka mikono, akasema, "Baba amenikuta bondeni, sijamaliza kukinga. Amechukua kisu. Amesema leo anagema yeye, mimi nije nikae."

Bibi akapapasa mpaka akamshika mkono, akamvuta chini, akamkalisha kando yangu palepale kwenye mkeka. Shati lake limelowa, gauni langu jeupe likapata tope lote. Loo, nililitazama lile tope nikalia kwa furaha. Bibi akaweka mkono mmoja kichwani kwangu na mwingine kichwani kwake. "Huyu amefika," akasema, "na huyu yuko njiani. Wote wa Bwana, wote wa nyumba hii." Ndipo akanyanyua kikombe akanywa.

Baba alirudi jua likizama, viatu vimeharibika, na ulanzi robo ya chombo, maana mwingine ulimwagika wote, alishasahau kugema. Elia akamcheka mbele ya wageni na baba akacheka pia. Msimu uliofuata, kila Jumamosi alishuka mwenyewe bondeni, na Elia akaenda darasani, mrefu kuliko wenzake wote. Alipokuja kuulizwa mbele ya usharika, baba ndiye aliyekuwa anatokwa na jasho. Elia akajibu yote. Hakuwa mkubwa wa chochote baadaye, unamjua mjomba wako. Ana mianzi yake, ana wajukuu wake, na Krismasi watu wote wa ukoo wanataka kwenda kwake.

Sasa wewe. Neema amefika kipaimara, ndiyo, lakini nani alikuwa anamsindikiza darasani Jumamosi, asubuhi zile za baridi ya Uyole? Nani alikuwa anashika kitabu anamuuliza maswali hapa barazani kwangu, mpaka mimi mwenyewe nikakumbuka niliyoyasahau? Nani anakufungulia duka Mwanjelwa wewe ukizunguka na mambo ya ukumbi? Gwakisa. Huyo ndiye mgema wako, mwanangu, na wewe unataka kumficha Igawa.

Sikukatazi sherehe. Mtoto afurahiwe, tena kwa vigelegele, maana Mungu hakutupa watoto ili tuwatazame tu. Lakini mtoto anayefurahiwa siku ya kufaulu tu, anajifunza kwamba siku ya kuanguka hana kwao. Na yule anayefaulu naye anaona. Neema akikata keki yake huku anajua kaka yake amefichwa, atakuwa na hofu moyoni kila mtihani, miaka yote, hata ukimjengea keki ya ghorofa kumi. Siku ya mtoto mmoja ni siku ya nyumba nzima. Watu wakiuliza habari ya Gwakisa, jibu ni fupi: huyu amefika, na huyu yuko njiani. Atakayetaka kuuliza zaidi, mwongezee wali aweke mdomoni.

Na nikwambie kabisa usije ukasema sikukuonya. Najua mshereheshaji atatangaza bibi aje alishwe kipande cha kwanza. Nitakuja, na hiyo sare yako ya ndizi mbivu nitaivaa. Lakini nikifika mbele, nikitazama na nisimwone mjukuu wangu amekaa kando ya dada yake, midomo hii haifunguki. Mtanisimamisha pale na keki yenu mpaka muziki uzimwe.

Mjomba wako anakuja kutoka Iringa na dumu la mtogwa. Mtume Gwakisa akampokee stendi, hao wawili wana ya kuzungumza. Nawe nenda, maana naona jua limehama na mimi nataka kusinzia tena. Bwana aliyekupa wawili asikuonyeshe siku ya kuhesabu mmoja. Anayefika na afike salama, aliye njiani akute taa inawaka, na mezani kwako, mwanangu, pasikose kiti cha yeyote uliyemzaa.