Sitaomba Msamaha kwa Kumbeba Mama Mkwe

Kosa nilifanya, na sina wa kumsingizia. Ila wewe unayenisoma, tega sikio vizuri, maana kosa ninalolikiri hapa si lile ambalo ukoo wa mke wangu unataka nilikiri. Hapo ndipo tunapogombana mpaka leo!

Mimi ni mtu wa Lubumbashi, kazi yangu ni kupima ardhi mgodini. Ramani ndiyo inayonilisha. Mdogo wa mke wangu ameolewa kule Zimbabwe, na mwaka jana tulisafiri watatu kwenda kumwona: mimi, mke wangu na mama yao. Mama mkwe ni mjane wa mfanyakazi wa reli, na ana shamba la mahindi na mihogo huku Annexe, pembezoni mwa mji wetu. Alikuwa akililima mwenyewe, kwa mikono yake, na hakutaka msaada wa mtu.

Hamu ya kuona zile kuta za kale, mawe yaliyopangwa bila simenti, ilikuwa yake. Marehemu mumewe alizipita zamani akamsimulia. Tulipokuwa huko akasema, "Hata mara moja tu, nione na macho yangu." Basi tukampeleka.

Getini tulimkuta mwanamke mwenye kofia, kazi yake kuongoza wageni. Akajitolea kutuongoza. Nikamcheka! Mimi, mtu wa ramani, nishikwe mkono kama kipofu? Nikaangalia mchoro mkubwa pale ubaoni, nikasema nimeshaelewa kila kitu. Kiburi, ndugu zangu, kiburi kitupu!

Mahali penyewe ni pakubwa kuliko nilivyodhani. Kuna ukuta wa mviringo chini bondeni, halafu kuna mlima, na juu yake magofu mengine. Mke wangu alikuwa na mtoto wa mdogo wake mgongoni, amelala, akasema atabaki kivulini. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwetu kuna buko, yaani heshima ya ukwe. Mwanaume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni. Akinipa chumvi, anaiweka mezani kwanza ndipo niichukue. Miaka kumi na minne nimeishi hivyo bila kulalamika, na tulipendana kwa namna yetu.

Sasa njia za kupanda mlima ziko mbili. Ya kale inapita kwenye nyufa za miamba, nyembamba, watu wanabanana na kuvutana mikono. Ya pili ni mpya, ya taratibu. Nikaona nimepata dawa: mimi nipite ya kale, yeye apite ile mpya. Nikasimama mbali naye, uso nimeugeuzia mlimani kama desturi inavyotaka, nikamwambia:

"Mama, kamata ile njia ya mupya. Ukifika fasi inagawanyika, enda tout droit. Tutakutana kule juu."

Tout droit, yaani moja kwa moja. Yeye akasikia à droite, yaani kuume. Ningemtazama usoni ningejua kuwa hajanisikia sawasawa. Lakini mimi nilikuwa natazama mawe, eti kwa heshima!

Nilifika juu natoka jasho, nafurahi. Nikapiga picha. Nikangoja. Nikajisemea wazee hutembea polepole. Nikapiga picha nyingine, mjinga mimi! Simu yake ilikuwa na laini ya Kongo, kule haikushika. Karibu saa nzima ilipita ndipo nikaanza kushuka kwa ile njia mpya.

Penye njia panda nikaona upande wa kuume kijia kidogo kinaingia kwenye miiba, kijia cha nyani tu. Nikaita. Sauti ikajibu kutoka chini:

"Muko! Niko huku!"

Muko ni mkwe. Alikuwa amekaa katikati ya mawe mawili, mguu umekunjika vibaya. "Muguu inavunjika," akasema. "Ninaita, ninaita, hakuna muntu."

Na mimi nikafanya nini? Nikasimama hatua kumi mbali naye, kichwa chini! "Mama, ngoja, naenda kuita bibi yangu."

"Bibi yako na ule mutoto ku mugongo? Ataweza kunibeba?"

Nikaondoka. Ndiyo, niliondoka. Nilimwacha mara ya pili, mwanamke mzee, juani, na nilikuwa na nguvu zangu zote. Hilo ndilo ungamo langu. Nilifika hatua kama arobaini nikamsikia analia, haniiti tena mimi, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Nikageuka mbio.

Nikamwinamia, nikambeba mgongoni. Mikono yake ikanizunguka shingo. Nilidhani atanilaani. Akasema maneno matatu tu: "Unakawia sana, muko."

Mfupa uliunga vibaya. Leo anatembea kwa fimbo, jembe haliwezi tena, na shamba limeota majani. Hayo ni yangu, nayabeba.

Lakini ukoo haukuniita kwa ajili ya mguu! Mjomba wa mke wangu aliitisha kikao, wanawake wakakaa chumba cha ndani, Mama pamoja nao.

"Unabeba mama yako ku mugongo, bantu banaona!" akasema mjomba. "Leta mbuzi, piga magoti, lomba pardon."

"Ninalomba pardon juu nilimuacha, mara mbili," nikajibu.

"Ile hatukukuuliza. Tunasema juu ya kumubeba."

"Ile, hapana, Mjomba!"

Tangu siku hiyo nimekatazwa kukanyaga mlango wa Mama. Mke wangu yuko huko miezi sasa, anamhudumia mama yake, na mimi nasalimia kutoka barabarani kama mgeni. Inaniuma, sitadanganya. Na mpaka leo hakuna aliyemuuliza Mama mwenyewe anasemaje.

Enyi mnaokwenda kutembelea mahali pakubwa msipopajua, chukueni mwongozaji, hata kama mnalala na ramani chini ya mto. Ukimwelekeza mtu njia, mtazame usoni, awe mkwe, awe nani. Akianguka, mbebe papo hapo. Kikao kitakuja, nenda, kaa, ukatae.

Jumapili hii, baada ya misa, naenda Annexe kulima shamba la mama mkwe. Anayetaka kunifukuza atanikuta huko, jembe mkononi!