Mwendo wa Saa Moja

Jana, katika duka la mitumba hapa Malvern, mtaa wa Toronto, nilifungua atlasi kuukuu. Harufu ya karatasi zake ilinipandisha hasira.

Nilikuwa mtoto. Bibi, mama yake baba, alikuwa mahututi London. Mimi na mama tulisafiri kwa ndege mwendo wa saa saba kutoka Toronto. Baba alikuwa Brussels.

"Ni mbali, mwanangu," aliniambia kwenye simu.

Nikafungua atlasi ya shangazi, dada yake baba, tuliyefikia kwake London. Kutoka Brussels hadi London hapakuzidi upana wa kidole changu.

"Kwa ndege ni mwendo wa saa moja," shangazi alisema kwa uchungu.

Baada ya mazishi baba alipiga tena. "Bibi alisemaje?"

"Alikufa akiuliza kama umefika," nikamjibu, nikamkatia simu.

Mama alinisikia. Hakunigombeza.